Ziwa Chala jioni na kikundi cha Mombasa: matembezi safi, basi ovyo

Niseme mapema: kwa matembezi yenyewe nawapa alama zote. Kwa usafiri, hata nusu sitoi.

Tangazo lao lilisema matembezi ya jioni, mbalamwezi, shilingi 4,500, usafiri na chakula ndani. Ukiwa Mombasa, jioni hiyo inaanza alfajiri. Chala iko mpakani na Tanzania, kupita Taveta, zaidi ya kilomita 250 kutoka mjini, na kwanza upenye kwenye malori ya Mariakani. Tuliambiwa tuwe Buxton, hapo Mombasa mjini, saa kumi na moja. Basi lilifika saa moja kasoro, mahamri ya njiani tushayamaliza na njia yenyewe hatujaianza. Ukishapinda Voi lami ni nzuri, na kwa kuwa barabara inakata Tsavo, ndovu wekundu kwa vumbi unawaona bila kulipa kiingilio.

Ziwa limekaa ndani ya kreta ya volkano, na hulioni mpaka usimame ukingoni. Maji yako chini kabisa, ukuta wa mawe na vichaka umeyazunguka. Mto mkubwa wa kuliingia hakuna. Maji yanatoka upande wa Kilimanjaro yakipita chini kwa chini. Mpaka nao unakata humo humo majini, huku kwetu, kule kwa Watanzania.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa huko huko Taveta, na pesa zangu nahesabu nilimlipa yeye. Kabla ya kushuka alikagua viatu vya kila mtu. Dada mmoja alikuja na malapa. Hakumfokea, alimwambia tu, "Dada yangu, wewe baki huku juu utulindie mikoba, picha tutakupigia." Na alibaki. Njia ni changarawe inayoteleza, basi yeye anatangulia, anagonga jiwe kwa fimbo, ndipo anakuruhusu. "Mama, hilo halishiki. Leta mguu huku." Magoti yangu si ya kisichana, lakini nilifika chini bila kukaa kitako, tofauti na baadhi ya mabarobaro waliokuja na viatu vya bei.

Vijana wa Pwani na maji mnawajua, mashati yalishakuwa begani. Aliwakatalia katakata. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza aliuawa na mamba katika ziwa hili, na kina chake ni kama mita 90. Kuna walionuna. Mimi nilimshukuru mbele yao.

Kwa nini jioni? Mchana Mlima Kilimanjaro hupenda kujifunika mawingu. Tulipopanda tena, tukafika pale ukingo unapoinama, mawingu yakaanza kuachana na Kibo, kilele chake, ikatoka, theluji yake kidogo inaonekana wazi. Jua likazama upande huo, na mwezi mpevu ukachomoza nyuma yetu, upande wa Tsavo. Kiongozi akasema tuzime tochi. Tulitembea ukingoni tukiona vivuli vyetu, na hakuna aliyejikwaa.

Kisha chakula. Biriani lililofungwa Mombasa asubuhi na kufunguliwa usiku, kwa joto letu! Nilinusa nikafunika. Bahati nilikuwa nimenunua ndizi Taveta.

Lakini kilichoniudhi hasa ni kurudi. Dereva aliyetutoa alfajiri ndiye huyo huyo aliyeshika usukani usiku, peke yake, na kutoka Voi ni malori matupu. Nilimwona anajipangusa uso kila dakika, nikahamia kiti cha nyuma yake nikawa namsimulia habari za watu asiowajua, mradi asinyamaze. Tulishuka Buxton saa tisa usiku. Nilipowaandikia waandaaji, jibu lilikuwa "tutalifanyia kazi". Dereva wa pili angegharimu kiasi gani kwa basi lililojaa?

Nikirudi, nitapanda treni hadi Voi, nichukue matatu ya Taveta na nilale huko huko. Nimewauliza kama wanaweza kunitoza matembezi bila basi wala biriani, wamekubali kwa shilingi 1,500, mradi niwe ukingoni saa tisa na nusu alasiri na kitambulisho mkononi, maana ni mpakani.