Uzoefu wangu: kelele za propela shafti baada ya kuinua Land Cruiser, na gereji ya Tanga iliyozitafuta

Tathmini hii inahusu huduma mbili nilizolipia kwa gari moja: kufungiwa springi na shokapu za kuinua Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80 kwa inchi 2, na baadaye kutafutiwa chanzo cha kelele zilizojitokeza chini ya gari baada ya kazi hiyo, ambazo ziliishia kuwa za propela shafti, yaani bomba refu linalozunguka na kupeleka nguvu kwenye ekseli. Huduma ya kwanza niliipata Dar es Salaam. Ya pili niliipata hapa Tanga, katika gereji ndogo ya upande wa Ngamiani, na ndiyo inayostahili maelezo marefu.

Gari ni la dizeli, lina injini ya 1HZ, ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za koili kwenye magurudumu yote manne, na fowili (kuendesha magurudumu yote manne) ya kuingiza kwa hiari pamoja na loki kwenye habu za mbele, yaani vifungo vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na ekseli. Kazi yake kubwa ni kupanda kutoka Muheza kwenda Amani, njia ambayo mvua za Usambara huichimba mifereji na kuacha mawe wazi. Kwa kazi hiyo springi mpya sina ugomvi nazo: gari halikwaruzi tena tumboni, halilali likibeba mzigo, na shokapu zimetulia. Tatizo lilikuwa kwamba, tangu lilipotoka kuinuliwa, lilikuwa na mtetemo kwenye sakafu likifika kilomita 80 kwa saa katika barabara ya lami ya Segera, na mlio mkavu wa kukwaruza, wa haraka haraka, katika mwendo mdogo wa milimani.

Mafundi kadhaa niliowauliza njiani walitaja kila mmoja kifaa cha kununua. Mmoja alisema ni beringi za difu (giya za kwenye ekseli), mwingine akasema ni matairi, mwingine akataka kubadilisha krosi jointi (viungo vinavyopinda vya ncha za propela shafti) zote nne kwa mkupuo. Fundi wa Ngamiani, mtu mzima ambaye vijana wake humwita Mjomba, alisikiliza, akaniambia, “Mwanangu, leo tusinunue kitu,” kisha akaomba tutoke na gari.

Tulikwenda hadi Pongwe na kurudi, naye akiwa amekaa kiti cha nyuma. Kwanza alitaka loki za habu ziwe wazi na gari liende kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Katika hali hiyo propela shafti ya mbele haizunguki, kwa hiyo kelele yoyote inayosikika haiwezi kuwa yake. Mtetemo ulikuwepo vilevile, ila ule mlio wa kukwaruza ulitoweka. Tulipofunga loki na kupita njia ya vumbi taratibu, mlio ukarudi. Kwa jaribio hilo moja, lisilohitaji hata spana, ilidhihirika kwamba nilikuwa na matatizo mawili yaliyochanganyika: la nyuma na la mbele. Wenye magari ambayo fowili yake haitoki kamwe hawana loki hizo, lakini wanaweza kupata jibu hilohilo kwa kufungua shafti ya mbele, kufunga loki ya difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) na kuendesha kwa shafti ya nyuma pekee.

Jambo la pili alilolifanya lilinifurahisha zaidi, maana ni hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa nyuma ya usukani. Difu ya gari hili huizungusha shafti karibu mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Katika kilomita 80 kwa saa, kwa tairi la inchi 31, shafti huwa inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, ilhali gurudumu halifiki hata mara 600. Tairi lisilo na balansi huleta mtikisiko wa polepole unaohesabika. Shafti huleta mvumo wa haraka. Mtetemo wangu ulikuwa wa aina ya pili, na uliongezeka nilipokanyaga mafuta na kupungua nilipoachia. Matairi yakaondolewa kwenye orodha.

Tuliporudi gereji, vipimo vilifanyika gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyonyooka. Nalisisitiza hilo kwa sababu nimeona kwingine wakipima gari likiwa juu ya jeki, ekseli imening'inia, na pembe walizopata hazikuwa za gari linalotembea. Kwa kipimio cha mwinamo chenye sumaku alichukua mwinamo wa flenji (sahani ya kuungia shafti) ya giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, wa shafti yenyewe, na wa flenji ya pinioni (giya ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) ya difu ya nyuma. Tofauti kati ya pembe mbili za krosi jointi haikufika nyuzi 1, jambo lililomaanisha kwamba kuinuliwa peke yake hakukuwa na hatia kubwa huko nyuma. Akalala chini na tochi, na jibu likapatikana pale: uma mbili za ncha za shafti, zinazoshika krosi jointi, hazikukaa kwenye mstari mmoja.

Krosi jointi ikifanya kazi katika pembe, mwendo unaotoka haulingani na unaoingia. Katika kila mzunguko shafti huharakishwa mara mbili na kucheleweshwa mara mbili. Jointi ya upande wa pili huifuta hitilafu hiyo, ila kwa masharti kwamba pembe yake iwe karibu sawa na ya kwanza na uma za ncha zote mbili ziwe zimeelekea upande mmoja. Shafti yangu ilikuwa imeachanishwa kwenye sehemu yenye meno inayoteleza, ikarudishwa ikiwa imeruka meno. Grisi mpya iliyokuwa humo ilionyesha kwamba jambo hilo lilifanyika siku za karibuni, na bila shaka ni walioinua gari, walipofungua shafti ili ekseli ishuke zaidi na springi ndefu ziingie. Kuweka alama mbili za rangi kabla ya kufungua kungetosha kulizuia, nami naona ni uzembe usio na udhuru kwa gereji inayotoza bei zile. Katika pembe ndogo kosa hilo lingeweza kuvumilika, lakini hitilafu hukua haraka kuliko pembe yenyewe, na gari lililoinuliwa halina huruma kwa shafti iliyofungwa ovyo. Mjomba aliipanga upya, akapiga grisi kwenye sehemu inayoteleza mpaka shafti ilipoanza kusogea, akaacha hapohapo, kwani ikijazwa kupita kiasi hugoma kuteleza. Mtetemo ukaisha.

Mbele kulikuwa na shida ya kweli ya kuinuliwa. Mikono ya ekseli ya mbele ya gari hili hushika chasisi kwa nyuma, hivyo mwili ukipanda, ekseli huzunguka kidogo, kasta (mwinamo wa kwenda nyuma unaosaidia usukani kunyooka) hupungua na usukani huwa mwepesi wa kutangatanga. Walioinua waliirudisha kasta kwa bushi maalumu (mipira ya viungo vya mikono hiyo), na walifanya vizuri; ila bushi hizo huigeuza pia pinioni ielekee chini, na jointi ya upande wa difu hubaki na pembe kali. Jointi hiyo ilikuwa kavu, vijiti vya beringi vimeanza kushika kutu, nadhani kwa maji ya chumvi ya pwani, na ndiyo iliyokuwa ikikwaruza. Iliagizwa nyingine kutoka Dar es Salaam, ikafungwa, nami nikaonyeshwa ya zamani bila kuomba.

Malalamiko yangu ni machache. Gereji haina mashine ya kupima balansi ya shafti, vipimo sikupewa kwa maandishi hadi nilipovidai, na kusubiri kifaa kulichosha. Gharama ya uchunguzi, hata hivyo, ilikuwa chini ya bei ya krosi jointi mbili ambazo ningenunua bila sababu.

Umebaki mvumo mdogo mbele ninapofunga loki na kuzidi kilomita 60 kwa saa, na Mjomba aliniambia mapema kwamba utabaki. Dawa inayotajwa sana ni shafti yenye jointi pacha (krosi jointi mbili zilizounganishwa) upande wa giaboksi ndogo, lakini shafti ya namna hiyo hudai pinioni iitazame moja kwa moja, jambo linalogongana na kasta iliyorudishwa. Njia ya Amani hainiruhusu kufika kasi hiyo nikiwa nimefunga loki, kwa hiyo fedha hiyo nimeiacha mfukoni.