TAHADHARI: Mnaosaka lenzi na hedifoni Kariakoo, kuna jamaa anakubadilishia mzigo ukiwa umesimama hapo hapo

Wakuu, nimepigwa. Lenzi na hedifoni, vyote viwili, mtu mmoja, meza moja, mchana kweupe. Shilingi 1,450,000. Nilisubiri hasira zishuke ndipo niandike, hazijashuka, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Najua wa kwanza kutoa maoni atauliza, "Kwani hukukagua?" Nilikagua! Tena kuliko wengi wenu mnavyokagua. Ndiyo maana roho inaniuma.

Lenzi ni ile Sony FE 85mm f/1.8 niliyokuwa naisaka tangu harusi ya kule Mzinga, mliokuwepo mnajua kilichotokea, sirudii. Nilitoka Moro na kamera yangu mwenyewe, a7 III yangu, nikaifunga ile lenzi pale pale mezani kwake. Nikampiga picha yeye mwenyewe muuzaji, nikaivuta kwenye kioo mpaka jichoni, kope unazihesabu. Nikawasha tochi ya simu nikaimulika kutokea nyuma: kioo safi, hakuna hata uzi wa fangasi, na mnajua hewa ya pwani inavyofuga fangasi kwenye lenzi. Nikazungusha pete ya fokasi, laini. Swichi ya AF/MF, ile ya kuchagua fokasi ya yenyewe au ya mkono, inaitika.

Hedifoni ni Sony WH-1000XM4 nyeusi. Hapo nje kulikuwa na mtu wa dawa ya mende na kunguni na kile kipaza sauti chake kinachorudia maneno yale yale tangu asubuhi. Nikavaa, nikawasha kizuia kelele, kunguni wakapotea. Nikafunika kikombe cha kulia kwa kiganja, muziki ukashuka, kunguni wakarudi. Nikatoa mkono, kimya. Nikaivua, muziki ukasimama wenyewe. Hiyo ni orijino, mtu yeyote anayezijua hizi atakwambia. Feki haifanyi vyote hivyo.

Sasa sikilizeni mchezo ulivyochezwa.

Tumekubaliana bei, naulizia lipa namba ya duka. "Kaka, lipa namba leo inasumbua, tuma tu kwenye hii ya kawaida, ya kutolea naongeza mimi." Sawa. Lenzi ikaingia kwenye boksi lake naiona. Hedifoni ikaingia kwenye kile kipochi chake, zipu ikafungwa, naiona. Akaanza kunitajia namba. Haandiki, haonyeshi kwenye simu yake, anataja. Sifuri saba... moja... ngoja kaka, hapo umeweka ngapi? Futa. Anza tena. Sifuri saba. Mimi nimeinamia simu nahangaika na tarakimu, nasikia utepe ule wa kahawia unavutwa kraa, kraa, kraa. Anafunga huku anataja. Nikimaliza ananiambia hiyo ya mwisho siyo sita, ni tisa. Nafuta tena. Jina lililotokea ni la mwanamke, nikamuuliza, akasema bila hata kunyanyua uso, "Mhasibu wetu huyo." Nikaweka namba ya siri, meseji ikaingia kwake, akasema asante bosi, na mzigo ulikuwa tayari: maboksi mawili yamebanwa pamoja, utepe umezunguka kila upande, huwezi kuufungua bila kisu.

Ningeufungua wa nini? Vitu nimeviona vinaingia kwa macho yangu. Na nilikuwa nawahi SGR, tiketi ninayo mkononi. Jamaa akanisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia boda, akamlipa buku mbili kutoka mfukoni kwake. "Mvua hiyo kaka, shikilia mzigo vizuri." Buku mbili ya hela yangu mwenyewe, fikirieni!

Nyumbani nikachukua kisu cha jikoni. Lenzi iliyotoka ni 85mm kweli, Sony kweli, ila siyo ile. Pete inakwaruza kama ina mchanga. Nikamulika tochi: nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati, fangasi wa miaka. Fokasi imekufa kabisa, inatetemeka kidogo halafu inanyamaza. Nikalinganisha namba iliyochapwa kwenye mwili wa lenzi na ile ya kwenye boksi. Haziendani hata kidogo.

Hedifoni sasa. Kuishika tu mkononi nyepesi, plastiki inalia. Inajiita WH-1000XM4 kwenye bluutuu, jina lote kamili, lakini programu ya Sony haiioni. Funika kikombe cha kulia: hakuna kitu. Ivue: muziki unaendelea kuimba peke yake. Kile kitufe cha kuzuia kelele ukikibonyeza kinalia tiii na hapo ndipo kazi yake inapoishia, jenereta la jirani liko pale pale.

Na kabla hamjanicheka, huyu siyo wale wa "Sony mpya laki moja na nusu". Angeniuzia kwa bei ya kutupa ningekimbia mwenyewe. Bei zake zilikuwa za kawaida za mtumba, nikaomba punguzo akatoa elfu hamsini kwa kulalamika. Ukurasa wake Instagram ni wa siku nyingi, una picha za wateja wameshika mizigo. Na anajua vitu! Aliniuliza kama simu yangu ina LDAC, ile ya kurusha sauti safi kwa bluutuu. Alinieleza kwamba lenzi isikae kwenye begi la kamera miezi yote ya mvua, niiweke kwenye kopo linalofunga kabisa na vile vipakiti vya silika. Mtu anakushauri namna ya kukwepa fangasi huku fangasi mwenyewe ameshamweka chini ya meza anakusubiri. Huo siyo utapeli wa njaa, hiyo ni roho mbaya.

Nilimpigia usiku ule, ikaita mpaka ikakata. Kesho yake haipatikani, Instagram kanizuia. Huduma kwa wateja wa mtandao wa simu wakaniambia hela ilishatolewa. Yule jamaa yetu wa Sinza akapita kuangalia, akakuta mwenye fremu anauza makava ya simu, anasema yule alikuwa amekodi kona ya meza tu, wala hamjui kwao. Hamjui, lakini walikuwa wanaitana "mwanangu" mbele yangu.

Dalili niwape harakaharaka. Ukiambiwa lipa namba inasumbua, shtuka. Jina la malipo likija tofauti na la duka, acha. Namba ya lenzi ipige picha kabla hujalipa, na mzigo ufunge wewe kwa mikono yako, au lipa ukiwa umeushika. Na huo utepe, hakuna mwuzaji mwenye nia njema anayefunga hedifoni kama maiti. Yapo mengine ila kichwa kinaniuma nikiyakumbuka.

Huyu mtu afungwe. Kujipatia mali kwa udanganyifu kupo kwenye kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka miaka 7, na mimi naona ni michache. Na wale wanaowapa kona za meza wabebwe nao, maana bila fremu zao nani angewaamini hawa? Tume ya Ushindani wanakamata makontena ya feki kila siku, washuke na huku mezani. RB ya polisi ninayo, namba ya simu aliyonitajia nimeituma 15040, kule kwa kuripoti namba za matapeli, na picha yake niliyompiga kwa lenzi yake mwenyewe iko kwa mpelelezi, f/1.8, uso mzima. Nimeambiwa nisiibandike mitandaoni kwanza, ndiyo maana hamuioni hapa. Msinibembeleze.

Ila ukurasa umerudi kwa jina jipya. Mtautambua kwa kitambaa cha kijani cha mezani, kimeungua duara upande wa kulia, pengine ni sufuria ya chai iliwekwa, kinaonekana kwenye picha zote. Mkikiona msimtukane wala msimtishe. Agizeni kitu, tena cha bei, ulizeni leo yuko mtaa gani, halafu nistueni inbox. Nauli ninayo.