Pete za Kufungia Turubai Msimu wa Kusi: Tazama Bolti Kwanza

Kila msimu wa kusi unapoanza, malalamiko ninayoandikiwa na wenye mashua wa Shela na Matondoni, kisiwani Lamu, hufanana: turubai ni zima, kamba ni nzima, ila pete imeng'oka pamoja na kipande cha ubao. Kwa sababu hiyo sitazungumzia umbo wala ukubwa wa pete. Nitazungumzia bolti, ambayo huliwa kwanza na ambayo wanunuzi wengi hawaitazami.

Mashua iliyopandishwa pwani kwa maji ya bamvua huharibiwa na jua, ambalo hufungua mianya na kulegeza kalafati, yaani pamba iliyozibia mianya hiyo, na zaidi huharibiwa na maji ya mvua yanayotuama ndani, kwa kuwa hayo huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, ikilazwa kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) huwa mhimili wa kutosha wa turubai. Pete zifungwe upande wa nje, chini kidogo ya ukingo, ili turubai livuke ukingo na maji yadondoke nje.

Nafasi ya kwanza naipa kampuni ya Wichard ya Ufaransa, na sifichi kwamba naipendelea. Pete zake hufuliwa kwa chuma cha pua cha daraja la 316L, chenye molibdeni inayokisaidia kustahimili chumvi, wala hazina kiungo cha kuchomelea ambapo kutu hupenda kuanzia. Ya pili ni shaba nyeusi pamoja na bolti zake za shaba nyeusi, mradi usiuziwe shaba ya njano, ambayo zinki yake huliwa na bahari ikabaki dhaifu ingawa kwa nje inaonekana nzima. Chuma kilichochovywa kwenye zinki kinafaa kwa mwenye mfuko mwepesi. Zile zilizopakwa zinki nyembamba ya kung'aa, ziache dukani.

Sasa bolti. Chuma cha kawaida kikigusana na chuma cha pua penye maji ya chumvi, chuma hicho cha kawaida ndicho kinacholiwa haraka. Kutu yake huvimba ndani ya tundu na kupasua ubao, na hapo ndipo pete nzuri inapong'oka. Wauzaji wanalijua hili, lakini huchukua sumaku, wakaigusisha na bolti, na isiponasa wakaapa kwamba ni chuma cha bahari, ilhali daraja la 304, lisilo na molibdeni, nalo kwa kawaida halinaswi. Kinachosema kweli ni chapa iliyo kichwani: A4 ni sawa na 316, na A2 ni sawa na 304. Duka moja la Mombasa liliniuzia pete za 316 zikiwa pakiti moja na skrubu za A2, kwa bei ya bidhaa ya daraja la juu, na nilipouliza nikaambiwa kwamba wateja wengine hawalalamiki. Juu ya bei hiyo mtu wa Lamu huongeza nauli ya mzigo hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha ya boti hadi kisiwani.

Usikubali skrubu. Bolti ipenye ubao mzima, iwe na washa pana kwa ndani, na tundu lijazwe gundi ya kuzuia maji kabla ya nati kukazwa, kwa sababu chuma cha pua kikikaa katika unyevu usio na hewa huliwa kikiwa kimejificha.