Nilivyomtafutia binti yangu chuo cha uuguzi Mwanza, na hela ilivyokwenda

Binti yangu yuko mwaka wa pili wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, chuo cha binafsi hapa hapa Mwanza. Anayelipa ni mimi, kwa biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, kwa hiyo haya ni maoni ya mtoa hela.

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mabango ya vyuo yanajaa barabarani na simu za mawakala haziishi. Mmoja aliniambia hata kama mtoto hana Fizikia, "tutamwingiza tu, mama." Nikamkatia simu. Uuguzi unataka angalau D nne, masomo ya dini hayahesabiwi, na Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo. Anayekuahidi njia ya mkato anatafuta hela ya fomu.

Nilianza na mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati. Humo unaona namba ya usajili ya chuo, kozi zake, ada, na idadi ya wanafunzi kinachoruhusiwa kuchukua. Angalia kozi, usiishie kwenye jina la chuo. Kimoja nilichokuwa nakipigia hesabu kilikuwa na usajili halali kabisa, ila wa famasia. Uuguzi walisema kibali kiko njiani. Nikawaacha na njia yao.

Vilivyobaki nikaenda kuviona mwenyewe, na kote niliomba kuonyeshwa chumba cha mazoezi ya vitendo. Chuo kimoja chenye geti zuri na vigae vinavyong'aa, mdoli wa kujifunzia kuchoma sindano alikuwa bado kwenye nailoni yake, vumbi juu. Kwingine, majengo ya kawaida tu, mkono wa mdoli ulikuwa umetobolewa mpaka mpira umelegea, na mkufunzi akaniomba radhi kwamba mpya haujafika. Radhi ya nini tena? Hapo ndipo nilipompeleka.

Kabla ya kulipa niliuliza pia fildi wanafanyia hospitali gani, wanakwenda wangapi kwa zamu, na nani anawasimamia wodini. Jirani yangu ni muuguzi, ndiye aliyenifundisha hilo swali. Anasema wapo wanafunzi wanaorundikana kitanda kimoja, wa mbele anashika mgonjwa, wa nyuma anashika simu. Kwangu mimi ada ya uuguzi ni ya wodi kwanza, darasa baadaye.

Sasa hela. Ada ni milioni moja na laki nne kwa mwaka, kwa awamu nne, na inaingia akaunti ya benki yenye jina la chuo. Ukipewa namba ya simu ya mtu ulipie huko, ondoka. Lakini ada siyo gharama yote. Kuna mtihani wa Wizara, bima, sare, viatu, mashine ya presha, rimu za karatasi, hosteli. Hivyo vyote vilikuwemo kwenye fomu ya kujiunga, sina neno. Kilichoniudhi ni mchango wa fildi, ambao haukuandikwa popote, ukaja kwa ujumbe wa simu wiki ya mitihani, na asiyelipa haingii chumba cha mtihani. Nililipa, nikadai risiti, nikawaambia wauandike kwenye fomu ya mwaka unaofuata. Wameuandika.

Tarehe za awamu nazo zina mambo yake. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka taa hazifanyi kazi, na sisi huku nchi kavu tunakaa. Awamu ya pili iliangukia mwezi mpevu. Nilimfuata mhasibu mapema, nikamweleza, akanisogezea mpaka giza lirudi, kwa maandishi. Wenzangu wa Mwaloni, ombeni kabla ya tarehe, maana ikishapita hawana huruma.

Kama ni nyota, nawapa nne. Moja nimeikata kwa ajili ya ule mchango na maji ya hosteli yanayokatika hovyo. Ufundishaji sina shaka nao: likizo iliyopita binti alimpima bibi yake presha, hakuipenda namba, akampeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri ruhusa yangu. Amebakiza mwaka mmoja, kisha mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga apate leseni. Huo nao una ada yake, nimeshaanza kuitenga.