Mkutano wa wiki wa klabu ya Rotary Dar es Salaam: uzoefu wangu na zile dakika 20 za maisha ya mwanachama

Anayetaka kujiunga na klabu ya Rotary, chama cha watu wa fani mbalimbali wanaokutana na kufanya kazi za kujitolea, huniuliza kwanza kuhusu ada. Nitalijibu swali hilo, ila kwa maoni yangu thamani ya mkutano wa kila wiki iko kwenye kipindi kimoja tu: siku mwanachama anaposimama kueleza katokea wapi na kazi yake inafanyikaje. Klabu inayokilinda kipindi hicho, watu wake wanajuana. Inayokifanya kiraka cha kuziba pengo la mzungumzaji mgeni aliyeghairi, utakaa nayo miaka mitatu bila kujua jirani yako wa mezani anakula kwa jasho gani.

Mkutano wenyewe ni saa moja. Huu ninaohudhuria unaanza saa 12:30 jioni, na kengele ya kufunga hugongwa saa 1:30 usiku. Mpango ukishikwa, ufunguzi na utambulisho wa wageni huchukua dakika 10, matangazo 10, sajenti wa klabu, yule anayetunza utaratibu na kutoza faini ndogo za utani, 5, mzungumzaji, awe mgeni au mwanachama, 20, maswali 10, shukrani na kufunga 5. Hakuna dakika ya akiba. Foleni ya barabara ya Bagamoyo ikichelewesha watu na rais wa klabu akaamua kuwasubiri mpaka saa 12:45, zile dakika 15 hazikatwi kwenye matangazo. Anakatwa mzungumzaji. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na dawa yake ni moja: kengele igongwe kwa wakati hata kama ukumbini kuna watu sita.

Matangazo nayo ni mlaji mkubwa wa muda. Kamati ya kisima inataka kusoma ripoti, kamati ya kambi ya macho inataka kuonyesha picha, mhazini ana majina ya wadaiwa. Ripoti zitumwe WhatsApp jana yake, na ukumbini yasomwe yale tu yanayohitaji watu kunyoosha mkono. Sajenti simlaumu. Faini ya simu iliyolia na shilingi za furaha, yaani mchango wa mwenye habari njema kama aliyepata mjukuu, huchangamsha watu na kuingiza kitu kwenye mfuko, mradi asipitishe dakika zake tano.

Kuhusu fedha, ada ina sehemu tatu: ya Rotary International (shirika mama la dunia nzima), ya wilaya ya Rotary (kundi la klabu za eneo moja), na ya klabu yenyewe. Ile ya kimataifa kwa mwaka 2025/26 ni dola 82, hulipwa kwa awamu mbili, Julai na Januari, kwa sababu mwaka wa Rotary huanza Julai 1. Inayowashtua wageni ni gharama ya chakula. Klabu inayokutana hotelini mchana hulipia sahani kila wiki, na kwa mwaka hesabu hiyo inaweza kuipita ada kwa mbali. Uliza mapema kama chakula ni lazima au kila mtu hujilipia anachoagiza. Klabu za jioni zenye chai, sambusa na kachori ni nafuu zaidi. Tena tangu 2016 kanuni zinaruhusu klabu kukutana mara mbili tu kwa mwezi, kwa hiyo si kila klabu utaikuta kila wiki.

Sasa kipindi chenyewe. Asili yake iko kwenye mkutano wa kwanza kabisa, Chicago, Februari 23, 1905. Walikuwa watu wanne: Paul Harris mwanasheria, Gustavus Loehr mhandisi wa migodi, Silvester Schiele mfanyabiashara wa makaa ya mawe na Hiram Shorey fundi cherehani. Walikutana ofisini kwa Loehr, kisha wakawa wanazunguka kwenye ofisi za wenzao kwa zamu, na jina Rotary likatokana na mzunguko huo. Kila fani iliwakilishwa na mtu mmoja. Ukikaa na mtu ambaye kazi yake huijui, lazima akueleze. Ndiyo maana simulizi ya maisha bila kazi ndani yake hunipwaya: nataka kujua mtu anafungua duka saa ngapi, mteja akidai anafanyaje, kifaa kipi kikiharibika siku imeharibika.

Kosa la kwanza la wasimuliaji ni kuanza na kuzaliwa. Dakika 15 zinaisha mtu yuko kidato cha nne, halafu miaka 30 ya kazi inamwagwa kwa dakika tano kama wasifu wa kuombea ajira. Ninayemsaidia kujiandaa humwambia achague njia panda mbili au tatu tu, siku ambazo angeweza kwenda kulia akaenda kushoto, azieleze kwa kina na mengine ayaruke. Picha zisizidi tano. Projekta ijaribiwe kabla watu hawajaingia, kwa kompyuta ileile itakayotumika.

Bora kuliko picha ni kifaa cha kazi. Mjenzi mmoja alikuja na timazi, kamba yenye chuma cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Aliishika kamba kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha, akanyamaza mpaka chuma kilipoacha kuyumba. Kisha akaeleza kwamba kibarua mwenye haraka huusoma ukuta timazi ikiwa bado inacheza, na kosa la upana wa kidole chini huwa la kiganja huko juu. Hakuna kijiko kilichosikika ukumbini.

Na vijiko ni tatizo la kweli. Wahudumu wasipoambiwa, watapita na sahani katikati ya simulizi. Kubalianeni na meneja wa ukumbi kwamba chakula kinatolewa kabla ya matangazo na vyombo vinaondolewa baada ya maswali. Maikrofoni iwe na betri mpya.

Lugha nayo. Mikutano ninayoijua Dar huendeshwa kwa Kiingereza, na kwa ripoti za kamati sina neno. Ila mtu anayesimulia bibi aliyemlea Muheza akilazimika kutafuta maneno ya Kiingereza, tunapewa maganda. Mruhusuni aseme Kiswahili, na mgeni asiyekielewa akalishwe na mtu wa kumnong'oneza. Kila nilipoona msimuliaji akibadili lugha katikati, maswali yaliongezeka na hata waliozoea kukaa kimya waliuliza.

Anayemtambulisha msimuliaji asipitishe dakika moja, wala asiimalize hadithi kabla ya mwenyewe. Maswali yawe maswali: mtu akianza na "mimi nina mchango", rais amwombe kwa heshima afike kwenye swali. Msimuliaji naye asigeuze jukwaa kuwa tangazo la kampuni yake na bei zake.

Jambo moja siliachii hata kidogo. Watu hutaja mambo mazito pale: ndoa iliyovunjika, mtoto aliyefariki, deni, ugonjwa. Kurekodi na kurusha mtandaoni bila idhini ni kumsaliti aliyewaamini. Katibu amuulize siku kabla kipi kirekodiwe, amuulize tena akishamaliza kusema, na jibu la pili ndilo lifuatwe. Kipimo cha Maswali Manne, kipimo cha maadili cha wanachama wa Rotary alichokiandika mfanyabiashara Herbert J. Taylor mwaka 1932, huanza na kuuliza kama jambo ni kweli, lakini swali la pili ni kama ni haki kwa wote wanaohusika, na mke au ndugu aliyetajwa kwenye simulizi naye anahusika.

Kwa ratiba, mwanachama mpya apewe zamu ndani ya miezi mitatu, ajulishwe wiki tatu kabla. Baada ya hapo wazee wa klabu nao warudie, kwani aliyesimulia miaka kumi iliyopita ana mengine leo.

Ukitaka kuja kama mgeni, mwandikie katibu kwanza, uliza kama utalipia chakula, fika robo saa kabla ya kengele, na muulize ni wiki ipi mwanachama atasimulia. Njoo wiki hiyo.