Stendi za mezani kwa spika ndogo: pima kwanza urefu kutoka mezani hadi sikioni

Natumia PreSonus Eris E3.5, spika za wufa (kipaza kikubwa cha besi) ya inchi 3.5, kuhariri mahojiano na kusikiliza taarabu. Ukiziweka mezani bila stendi, twita, vile vipaza vidogo vya sauti nyembamba, zinakutazama kifuani. Sauti nyembamba haitawanyiki sana, kwa hiyo nyingi inapita chini ya masikio. Nyingine inagonga meza, inaruka na kukufikia ikiwa imechelewa kidogo. Ikikutana na ile iliyokuja moja kwa moja, baadhi ya masafa ya sauti yanafutika na mengine yanavimba, na msemaji anasikika kama yuko ndani ya debe.

Nilianza na sponji za mshazari, zinazowekwa chini ya spika. Meza yangu ni ya mbao nyembamba, ilikuwa inatetemeka na besi; sponji ziliituliza vizuri. Tena zinainua uso wa spika uelekee masikioni, jambo ambalo peke yake linasaidia sana. Mwenye bajeti ndogo aanzie hapo. Ila spika inabaki chini vilevile, na meza inaendelea kurudisha sauti.

Nikahamia stendi za IsoAcoustics ISO-130, na hapo ndipo kazi ilipobadilika. Hiyo 130 ni upana wa stendi kwa milimita. Zipo pia 155 na 200, hivyo pima kitako cha spika yako kabla ya kuagiza. Zinakuja na nguzo fupi na ndefu. Mimi nilifunga ndefu, za sentimita 20 hivi, nikaziinamisha kidogo, twita zikanielekea sawasawa. Mwimbaji sasa anasimama katikati kabisa, udi upande mmoja, fidla upande mwingine, na pumzi zake nazisikia. Kwenye mahojiano, herufi s na sh zinajitenga wazi, kwa hiyo sirudii kusikiliza kwa hedifoni kila mara. Kwangu hilo limelipa gharama yote, na gharama si ndogo.

Kama huzimudu, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea za bomba la mraba. Kaa wima, pima kutoka mezani hadi sikioni, kisha toa urefu wa kutoka kitako cha spika hadi kwenye twita: tofauti ndiyo urefu wa stendi. Bomba lijazwe mchanga mkavu lisilie, na juu na chini bandika raba. Angalia pia waya unaounganisha spika mbili. Zikipanda na kuachana, waya mfupi hautafika.