NeoNatalie: mdoli anayefundisha akikaa leba, si akifungiwa stoo

Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua nimefundishwa kwa njia tatu: mhadhara wa darasani, semina ya siku moja yenye midoli, na mazoezi mafupi ya wodini ambayo tunaendelea nayo mpaka leo. Mdoli wa semina na mdoli wa wodini ni yule yule, NeoNatalie wa kampuni ya Laerdal. Ndiyo maana wakunga wenzangu wakiniuliza kama anafaa kununuliwa, nawauliza kwanza: akishanunuliwa atakaa wapi?

Nianze na mdoli mwenyewe. Anakuja amesinyaa, unaweza kumkunja ukamtia kwenye begi. Ukimjaza maji, kama lita mbili hivi, anapata uzito wa kichanga kabisa, na ukitumia maji ya uvuguvugu hata joto lake linakudanganya. Kichwa kinalegea usipokishika. Ana vibofu vya kubonyeza: kimoja kinampumulisha, kingine kinafanya kitovu kidunde, kingine kinamliza. Mnafanya wawili wawili. Mwenzako anashika vibofu na kuamua mtoto atafanya nini, wewe ndiye mkunga. Akiamua mtoto asilie, halii, na unabaki naye pale mezani na saa inakwenda.

Kitu kilichonifanya nimpende ni kifua chake. Ukikosea kulaza kichwa, au maski ya ambu, kile kifuko cha kubonyeza cha kumpulizia mtoto hewa, ikivujisha hewa shavuni, kifua hakipandi. Hakuna mwalimu anayehitaji kukuambia umekosea. Unarudisha kichwa, unabana maski kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vitatu vinainua taya, unabonyeza tena, na mara hii kinapanda. Mkono unalikamata somo hilo kwa namna ambayo daftari haliwezi kulitoa.

Kasoro anazo, tena za kweli. Habadiliki rangi, wala hana utelezi wa mtoto mbichi. Ulegevu wake ni ule ule awe anapumua au hapumui, wakati mtoto wa kweli unausoma uzima wake kwenye mikono na miguu kabla hujatazama kifua. Hakufundishi kupokea mtoto katikati ya kelele, mama analia, ndugu wanagonga mlango. Anayetegemea mdoli peke yake atashangaa siku ya kwanza.

Sasa njia zenyewe. Mhadhara siudharau. Mwalimu wangu wa chuo alitueleza kwa nini mtoto aliyekosa hewa kwa muda mfupi hurudi ukimkausha na kumsugua mgongo, na kwa nini aliyekaa bila hewa muda mrefu hatarudi kwa kusuguliwa hata ukeshe naye, mpaka aingiziwe hewa. Maelezo hayo ndiyo yanayonizuia mpaka leo kupoteza sekunde kwa kumsugua mtoto ambaye dalili zake zinaniambia anahitaji ambu. Ila tulitoka darasani tunajua kwamba pumzi ni 40 kwa dakika, na hakuna aliyekuwa amewahi kuzipuliza. Mtihani ulikuwa wa kuandika, na tukafaulu.

Semina ilikuja baadaye, ya mafunzo yanayoitwa Helping Babies Breathe. Yalizinduliwa rasmi mwaka 2010 chini ya Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuyajaribu. Kiini chake ni Dakika ya Dhahabu: mpaka dakika ya kwanza inakwisha, mtoto awe anapumua mwenyewe au ameshaanza kupuliziwa. Bango lake lina rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, na hata mhudumu asiyependa kusoma analielewa. Kama muundo wa kufundishia, sijaona mwingine uliopangwa vizuri hivyo kwa mkunga wa kituo kidogo.

Lakini tulifundishwa ukumbini, mbali na leba, siku moja. Tulicheka, tulifanya, tukapewa vyeti. Mdoli akarudishwa kwenye boksi lake, boksi likaingia stoo, na ufunguo wa stoo ukawa na mtu ambaye hayupo usiku. Baada ya miezi michache niliona kwenye zamu mikono ikirudia ya zamani: mtoto ananing'inizwa miguu juu, anapigwa makofi ya mgongoni, anafyonzwa kinywa na pua muda mrefu hata kama maji ya uzazi yalikuwa masafi. Watu walewale wenye vyeti.

Nisingethubutu kulisema hilo kwa nguvu kama lingekuwa la hospitali yetu tu. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, walilifanyia utafiti. Mwaka 2010 walitoa mafunzo ya siku moja kwa mdoli huyuhuyu. Miezi saba baadaye wahudumu walipopimwa kwa mdoli walikuwa bora kuliko mwanzo. Walipoangaliwa kwa watoto wenyewe leba, utendaji haukuwa umebadilika. Ujuzi ulikuwa umeishia kwa mdoli. Haydom hawakumtupa mdoli wala hawakuwalaumu wakunga, walibadilisha namna ya kumtumia. Walianzisha mazoezi ya dakika tatu mpaka tano kila wiki palepale kazini, na ya dakika 40 kila mwezi. Watoto waliofariki ndani ya saa 24 za kwanza walishuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila 1,000. Mdoli ni yuleyule na hospitali ni ileile, kilichobadilika ni ratiba. Kila nikizisoma namba hizo nawaona watoto wenyewe, maana nimewabeba wa aina hiyo mikononi.

Kwetu tunafanya hivi. Mdoli amelazwa kwenye rafu karibu na meza ya kuhudumia watoto, amejazwa maji tayari. Zamu zinapopokezana, kabla ya ripoti ya wagonjwa, mmoja anaitwa: "Sista, mtoto huyo katoka, halii." Anafanya, wengine wanatazama, mmoja anahesabu kwa sauti, "pumzi, mbili, tatu, pumzi, mbili, tatu." Dakika ikiisha tunasema kilichokwenda sawa na kilichochelewa, tunaendelea na ripoti. Daktari wa zamu akipita anaitwa naye. Wahudumu wa usafi tumewaingiza kwenye mazoezi ya kuandaa vitambaa vikavu na kuita msaada, kwa sababu usiku mara nyingine ndio watu wa pili chumbani.

Matunda yake niliyaona usiku mmoja. Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni, amechoka kabisa, mweupe kama karatasi. Mimi nilibaki na mama aliyeanza kutoka damu. Muuguzi kijana wa zamu, msichana aliyemaliza chuo karibuni, alimkausha, akabadilisha kitambaa, akamsugua, akaona hakuna kitu, akashika ambu bila kuniuliza. Nilisikia anahesabu kwa sauti ileile ya asubuhi. Kisha akasema, "Dada, kifua kinapanda." Baadaye kidogo tukasikia kilio. Mama yake alipouliza kama ni mzima, yule binti ndiye aliyemjibu. Mimi sauti ilikuwa haitoki.

Kuna toleo la bei ya juu zaidi, NeoNatalie Live, linalounganishwa na tableti na kukuonyesha kama maski inavuja, kama kichwa kimekaa sawa, kama unabonyeza haraka mno. Limetumika kwenye mpango wa Safer Births katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na kifaa cha Moyo cha kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni na mazoezi ya mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vimeshuka kutoka 15.3 mpaka 12.5 kwa kila 1,000. Namba nzuri sana, ila ni ya mpango mzima, na sipendi muuzaji yeyote ampe sifa hizo mdoli peke yake. Kwa mkunga anayefanya mazoezi peke yake usiku, toleo la tableti lina faida kubwa, kwa sababu hana mwenzake wa kumtazama. Kwa kituo chenye umeme wa kusuasua, au kisicho na mtu wa kutunza tableti, nisingeanza nalo. La maji linatosha.

Kama mnataka nyota: mhadhara peke yake, mbili, kwa sababu unaeleza vizuri na kuishia hapo. Semina ya siku moja peke yake, mbili na nusu, hata kama ilikuwa na wawezeshaji wazuri kama wetu. Mdoli akiwa wodini na mtu mmoja amekabidhiwa jukumu la mazoezi, nampa nne na nusu, na ile nusu naizuia kwa ajili ya rangi na utelezi. Mhadhara usiondolewe kwenye mpango huo. Utangulie, uwe mfupi, ujibu "kwa nini", halafu mikono ichukue kazi.

Kwa waganga wafawidhi na kamati za vituo wanaopanga bajeti sasa hivi: fedha ya ukumbi, chakula na nauli za semina moja ya nje, ulizieni inaweza kuleta midoli mingapi. Nunueni na ambu ya mazoezi yenye maski za saizi zote mbili, 1 kwa aliyetimiza miezi na 0 kwa njiti, maana mazoezi ya maski moja yanamwacha njiti bila mtu. Chukueni na kile kifyonzio cha kinywa na pua kiitwacho Penguin, kinafunguka, kinaoshwa, kinachemshwa, kinatumika tena. Mteueni mkunga mmoja, awe na muda wa kazi hiyo kwenye ratiba ya zamu na si kwa hisani yake. Na mdoli asiwekewe kufuli.